Mvuke Ule Haukuwa Dawa

Jirani yangu wa Makindye, mpiga tarumbeta mstaafu wa bendi ya askari, alifariki wiki iliyopita. Mke wake alinipigia simu: "Rafiki yako amepumzika. Njoo." Nilipofika, wenzake wa kambini walikuwa wameshaketi uani, wakisema kwa sauti ya chini kwamba ni baridi, ni vumbi, ni umri. Hakuna aliyetaja sigara ya umeme.

Alivuta sigara za kawaida tangu ujana, mpaka kifua kikaanza kumbana. Akaziacha, nami nikampongeza. Kumbe alikuwa amepata hii ya umeme, yenye ladha ya mnanaa, ambayo sheria yetu inakataza kuiuza lakini mjini haikosekani. Katika nyumba nyingi hapa, mtu akibanwa na kifua hujifunika blanketi juu ya sufuria ya majani ya mkaratusi yaliyochemshwa, avute mvuke wake. Basi yeye aliamini kidude kile ni sufuria ya mfukoni. Jioni moja mke wake alimtania mbele yangu.

"Afande, leo umepika nini humo? Moshi tunauona, chakula hatukioni."

"Najifukiza, mama. Adui alikuwa moshi. Huu ni mvuke tu."

"Sufuria yangu haijawahi kukukohoza hivyo."

Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, akashika ukingo wa meza mpaka kikapita. Kisha akavuta tena, ili kukituliza. Hivyo ndivyo alivyoishi: kadiri alivyokohoa, ndivyo alivyozidi kujitibu kwa kile kilichomkohoza. Mtu aliyewahi kuongoza gwaride kwa pumzi yake akawa anapumzika mara mbili kabla ya kufika chooni.

Daktari alimweleza nikiwepo. Ule si mvuke wa maji. Ni kemikali zilizopashwa moto pamoja na nikotini, nazo huwasha na kuvimbisha njia za hewa. Sitadanganya kwamba kidude peke yake kilimuua. Sigara zilitangulia kuyaharibu mapafu yake. Lakini siku alipoziacha, mapafu yalihitaji hewa safi, na hayakuipata.

Siku ya mazishi, kaka wa marehemu alimvuta mjane pembeni kabla hajahutubia. "Shemeji, usituaibishe. Sema aliugua kidogo."

"Kidogo? Nilikuwa namkalisha kitandani ili apate pumzi. Wewe ulimkalisha lini?"

Akaenda mbele, akasema yote, hata habari za kidude kile. Mwanabendi mmoja aliyekuwa ameshika kidude cha namna ileile akakisukuma mfukoni. Mjane akamwona.

"Usikifiche, mwanangu. Nipe."

"Mama, mimi navuta kidogo tu."

"Naye alianza na kidogo tu."

Watu waliinamisha vichwa. Yule bwana hakukitoa. Mjane hakumsihi tena. Alimtazama tu, akaendelea na hotuba.

Ndiyo maana naandika, na anayeona nimevunja heshima ya marehemu aniandikie, nitamsoma. Tumezoea kuwasitiri wafu kwa kuficha kilichowamaliza, na kila tunapoficha, muuzaji anapata mteja mwingine. Mimi simsitiri muuzaji. Kifua kikikubana, nenda kwa daktari, na kidude kile kitupe leo, hata kama kinanukia vizuri. Aibu si yetu tuliozika. Ni ya wanaouza kitu hiki wakijua madhara yake, na mjane yule amekataa kuwabebea.