Ugonjwa wa Jumatatu

Mume wangu alikuwa na ugonjwa unaojua kalenda. Jumamosi alipasua kuni na kufukuza mbuzi wa jirani. Jumapili aliimba kanisani mpaka mwalimu wa kwaya akamwomba apunguze sauti. Jumatatu, kabla ya saa sita mchana, kifua kilimbana, akarudi nyumbani anakohoa na kushika kila mti wa njiani. Jumanne nafuu. Kufika Ijumaa alikuwa mzima, na Jumatatu tukaanza upya.

Alilisha mashine katika kiwanda cha kuchambua pamba, upande wetu wa Uganda, kwenye barabara ya Busia kwenda Tororo. Ilikuwa miaka ya sitini. Bendera ilikuwa mpya na pamba ilikuwa utajiri wetu sote. Tuliambiwa hivyo na watu waliovaa suti. Ndani ya chumba cha mashine hewa ilikuwa nyeupe. Madirisha yalikuwa yamepigiliwa misumari, maana upepo ukiingia ulipeperusha nyuzi za pamba, na nyuzi zilikuwa mali ya kampuni. Vifua vya watu havikuwa mali ya kampuni. Ofisi ya meneja ilikuwa ng'ambo ya uwanja, upande unakotoka upepo, na madirisha yake yalifunguka vizuri sana. Karani alinieleza kwamba meneja hawezi vumbi, linamsumbua. Nilimhurumia kwa moyo wote.

Kiwanda kilikuwa na dresa, mtu wa kufunga vidonda, tuliyemwita daktari kwa sababu alivaa koti jeupe. Wanaume wa mashine nao walitoka kazini weupe, tangu nywele mpaka vidole vya miguu, lakini hao hakuna aliyewaita daktari.

Dresa aliona kikohozi cha Jumatatu akatafuta chanzo chake. Hakuingia chumba cha mashine, koti lingechafuka. Aliangalia Jumapili yetu. Na Jumapili yetu ilikuwa malwa, pombe ya ulezi: chungu kimoja katikati, kimeongezwa maji ya moto, wanaume wamekizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu kuliko yeye mwenyewe. Chungu cha nyumbani kwetu nilikipika mimi, na nilijulikana kwa mkono mzuri mpaka Buteba.

"Mama, ni pombe yako hiyo," aliniambia. "Jumapili yeye nakunywa, Jumatatu naugua. Hata mutoto naona."

Hoja ilikuwa safi. Meneja na makarani wake walikunywa pia Jumapili, bia ya chupa, klabuni Tororo, na Jumatatu walipumua bila taabu. Bia ya chupa, inaonekana, ina adabu. Mchungaji naye alimuunga mkono dresa kwa mahubiri matatu mfululizo.

Na mimi, mpumbavu, niliamini. Mume wangu alikuwa ameomba kuhamishiwa getini, kupokea magunia huko nje kwenye hewa. Dresa aliahidi kwamba akimaliza msimu bila pombe, atamwandikia meneja barua. Kwa hiyo kati ya mume wangu na geti palisimama chungu changu tu. Nilikimwaga nyuma ya nyumba, ulezi uliobaki nikaugeuza uji, nikajiona mke bora kuliko wote tangu Sikuda mpaka mpakani.

Jumatatu ilirudi vilevile. Nyingine ikaja mbaya zaidi. Hata kuimba aliacha, nikasema ni dhambi imemkaba koo. Kila Jumapili alasiri alivuka upande wa Kenya, siku hizo ilikuwa kama kuingia shamba la jirani, kukaa na wenzake aliotahiriwa nao. "Nakwenda kuongea tu," alisema. Akarudi nguo zinanuka moshi na ulezi. Nilimgombeza mpaka sauti ikanikauka. Nilimwita mlevi mbele ya mama yake. Alisikiliza, akaomba maji ya kunywa.

Jumapili moja nikamfuata. Sikunyata, nilitaka wote wanione. Nilimkuta kwenye duara, mrija mdomoni, macho chini. Nilimwaga maneno yote niliyokuwa nayo. Rafiki yake wa karibu aliutoa mrija wake mwenyewe kinywani.

"Shemeji, mutu yako hapana kunywa," alisema. "Yeye nashika murija tu. Pumuzi ya kuvuta iko wapi? Tangu pamba ya mwaka jana, sisi naona."

Niliutazama ule mrija. Kupandisha pombe urefu wote ule kunataka kifua, na kila mwanamume pale alijua jambo ambalo dresa, mchungaji na mimi hatukulijua. Nilimuuliza mume wangu kwa nini hakuniambia.

"Mulevi wanagombeza," alisema. "Mugonjwa wanafukuza kazi."

Niliona aibu ambayo mpaka leo haijaniisha.

Jumatatu nilikwenda naye kwa dresa. Nilimwambia huyu hajanywa tone tangu msimu uliopita, hata kuvuta mrija hawezi. Dresa alifurahi kikweli, akampa mkono, akaketi palepale kuandika barua tuliyoingoja. Karani alitusomea: mfanyakazi huyu ameacha pombe, kifua kitapona chenyewe, anafaa kuendelea na mashine.

Aliendelea. Nani mwingine angelisha watoto? Nami nikaloweka ulezi. Chungu kilipoiva nilichukua mrija wake nikaukata upande wa mdomo, maana upande wa chini una kichujio, nikakiweka kiti chake karibu kabisa na chungu. Wenzake waliona. Mmoja alisogeza kiti chake mbele pia, kisha mwingine, mpaka duara likawa dogo na magoti yakagusana. Mume wangu alivuta, akapumzika, akavuta tena, na pombe ikafika. Nililia jikoni kwa furaha.

Msimu uliofuata niliukata tena. Mwishowe nilimchotea kwenye kibuyu na kukishika chini ya kidevu chake, na mrija haukuzidi kalamu ya dresa. Bila mrija hakutaka. Alisema yeye si mtoto wa kunyweshwa uji.

Alikufa siku ya Alhamisi, na mtu wa Jumatatu kama yeye nadhani angecheka. Meneja alituma rambirambi kupitia karani. Dresa alikuja mwenyewe, na lile koti, akanivuta kando ya kaburi akaniuliza kwa upole kama marehemu alirudia pombe.

"Ndiyo, daktari," nilimwambia. "Kila Jumapili, kadiri alivyoweza kuvuta."