Glasi ya Kwanza ni ya Mwenye Nyumba

Mama yangu alikuwa na wageni wengi kuliko stesheni ya reli. Nyumba yetu ya Gongoni ina vyumba viwili, lakini ukiona viatu mlangoni ungedhani Unyamwezi yote imehamia kwetu: wajomba wa Usinge, wakwe wa Ntalikwa, na bwana mmoja ambaye hadi leo hatujui alikuwa ndugu wa nani.

Zamani mgeni alipewa soda yake ya chupa ya kioo, kizibo kinafunguliwa mbele ya macho yake, basi. Halafu zikaja chupa za plastiki, kubwa kama mitungi ya gesi. Chupa moja, sebule nzima. Hapo ndipo desturi yetu ilipomkamata mama: kinywaji cha kumiminwa, mwenye nyumba huonja kwanza, mgeni ajue hakikutiwa kitu. Na mama hakuonja kwa ncha ya ulimi. Alimaliza glasi, akiwatazama usoni.

Alipoambiwa ana kisukari, hakuacha.

"Mama, nionje mimi."

"Wewe ndiye mwenye nyumba?"

"Basi wape maji."

"Kaka zangu watoke Usinge niwape maji kama ng'ombe? Umesoma jioni mpaka adabu imekutoka."

Ni kweli, nilikuwa nimehitimu masomo ya jioni na nina maneno mengi kuliko redio. Nikayapeleka dukani, kwa mzee wa Kihindi anayetuuzia tangu niko mgongoni.

"Shikamoo, mzee. Serikali ingezuia haya madude ya chupa kubwa."

"Marahaba. Ikizuia, mama yako atanunua ndogo tano. Sukari si ile ile?"

"Ndogo kila mtu anafungua yake. Mama haonji."

Akafuta meza iliyokuwa safi. Kisha akanifungia chupa ndogo. Mama alizirudisha mwenyewe, akichechemea: eti zinamfanya aonekane anawapimia watu.

Alichechemea kwa sababu ya kidonda cha mguuni, kilichoanza kama punje ya mtama. Hospitali wakamkata mguu. Wageni wakaja kumpa pole, naye akaagiza chupa kubwa, akaonja akiwa ameegemea mto. Nasikia watu wakisema serikali isituingilie, kila mtu achague anachokunywa. Mama hakuwa hata anaipenda soda. Alikuwa anawapenda wageni. Mimi chupa kubwa ningezitoa madukani hata kesho asubuhi.

Hakumaliza masika.

Baada ya kuzika, wajomba walikaa sebuleni, jua la saa kumi likiingia dirishani. Jirani alikuwa ameleta chupa kubwa. Nikawamiminia, nikajimiminia. Hakuna aliyegusa. Nikadhani ni majonzi, nikainamisha kichwa.

Mjomba mkubwa akakohoa kidogo.

"Mwenye nyumba," akaniambia taratibu, "tunakusubiri wewe."