Kitanda cha Binti wa Mwalimu
Mwalimu alimdhania seremala kuwa mvivu, na hilo alilikiri baadaye kwa aibu. Mkewe alikaribia kujifungua na kitanda cha mtoto kilikuwa bado. Kila alipoingia karakana alimkuta mzee amefumba macho, akipitisha shavu juu ya kila ubao huku midomo ikicheza. "Fundi, unafanya kazi au unasali?" "Yote mawili, baba kijacho. Mungu atamlinda mwanao, lakini vibanzi kaniachia mimi." Mwalimu akacheka, akavua koti, akapewa msasa, wakasugua pamoja hadi jioni, na sala yake siku hiyo ilikuwa na vumbi mikononi.

Binti alipoota meno, aliutafuna ukingo wa kitanda kwa raha zake. Upande wa chini wa ukingo huo mwalimu aliona alama za meno makubwa. "Mzee wangu huyo, Mwalimu," mke wa seremala, aliyekuja kumwona mtoto, alimweleza akicheka. "Kila kitanda hukitafuna yeye kwanza."