Msimu wa Kuogopa Maziwa

Wiki iliyopita nilirudi Gisenyi kutafuta vitenge vya jumla, na kabla sijauliza bei ya kwanza msichana wa duka akanipa simu yake nisikilize. Ni sauti ya mwanamume: samaki wa ziwa wasiliwe, binamu yake yuko hospitali na ameona kwa macho, watumie wote unaowapenda. Msichana alikuwa ameshawatumia. Nikamuuliza binamu wa nani, hospitali gani. Akanitazama kama mtu anayebishania bei ya kiberiti. Mimi mikono ilikuwa imeshakuwa baridi, na ngoja nikueleze kwa nini, usije ukadhani ni uzee.

Nililelewa na bibi yangu, muuza vitenge sokoni. Kazi yangu ilikuwa kukunja vitambaa, pindo juu ya pindo, na asubuhi kwenda na sufuria kwa jirani tuliyemwita mama wa maziwa. Ng'ombe walikuwa kwa kaka zake, kule Bugeshi kwenye baridi chini ya volkano. Maziwa yalishuka kwa baiskeli, naye akayauza mlangoni pake, mabichi na kivuguto, yale ya kuganda yenye uchachu unaobana kona za taya. Tulikula kivuguto na viazi vya moto, bibi akipuliza vidole. Nikiandika hapa mate yananijaa.

Mama wa maziwa alikuwa na kazi nyingine isiyo na mshahara. Siku ya soko alipita kwenye meza ya bibi kama mgeni, akashika kitenge, akakivuta huku na huku, akatangaza kwamba kile alichonunua mwaka jana kimefuliwa mpaka sabuni imechoka na rangi iko palepale. Akalipa, akaondoka nacho. Jioni kitenge kilirudi kwetu na pesa zikarudi kwake, na wanawake wale wawili wakacheka mpaka wakashika mbavu. Bibi alisema huo si uongo, ni kumusaidia mutu aamue. Mimi nilipata elimu yangu hapo: mteja akisifu bidhaa kuliko mwenye bidhaa, mtazame mara mbili.

Kisha ikaja voiture, gari lenye kipaza sauti juu. Iliuza maziwa ya unga, kopo lenye picha ya mtoto mwenye mashavu. Tulikutana nayo kwanza sokoni Mahoko. Kijana aliyevaa koti jeupe la daktari hakusema maziwa ya Bugeshi ni mabaya. Hapana, aliuliza tu. Je, mnajua ni vumbi gani linaangukia majani ya kule juu? Je, anayewauzia, watoto wake wanakunywa hayohayo? Mama anayempenda mtoto atangoja nini? Halafu akapanda mzee mmoja akalia mbele ya watu kwamba maziwa yamemuua mtoto wake. Gari lilipofika kwetu Gisenyi, mzee ni yuleyule, shati ni lilelile, ila watoto waliokufa sasa walikuwa wawili. Nikamnong'oneza bibi.

"Nimeona," akasema. "Ule ndiye mama wa maziwa wao."

Hakucheka.

Walikuwa na wimbo pia, mfupi, unaonata, unaouliza mtoto kanywa nini kwa jirani. Nikauimba nikikunja vitenge, na bibi akanishika mkono akauliza nani amenifundisha kwamba maziwa ya jirani ni sumu. Nikasema watu wote wanajua. Akaniambia nimtajie hao wote, mmoja mmoja. Nikamtaja rafiki yangu. Mwingine? Sikuwa na mwingine. Nilitazamia kofi, badala yake aliuachia mkono wangu akatazama mlangoni. Kuna miaka, ile ya jirani kumgeukia jirani, ambayo kwetu haizungumzwi, na nadhani ndiyo iliyokuwa imeingia chumbani. Akasema taratibu, "Watu wakianza kusema neno moja kwa namna moja, mi natafuta mulango uko wapi."

Tangu siku hiyo niliogopa mara mbili: niliogopa maziwa, na niliogopa kwamba bibi anaogopa. Foleni mlangoni kwa jirani ilikatika. Mwanamke mmoja, mtoto wake akiharisha, alikuja kusimama pale, akitazama tu, na wengine wakaja kusimama naye. Mtu akarusha jiwe kwenye bidoni la maziwa. Vijana wa barabarani wakampelekea mama wa maziwa habari kwamba siku ya soko ikipita na yeye bado yuko hapo, watamsaidia kubeba vyombo.

Bon, siku ya soko bibi akanibeba akanisimamisha juu ya meza, kati ya vitenge, na kikombe kilichojaa kivuguto. Mama wa maziwa alisimama kando, kitambaa kimemfunika mpaka kwenye macho.

"Muniangalie," bibi akasema. "Huyu ni mujukuu yangu, damu yangu. Sina mwengine. Kunywa, mama."

Nikanywa. Sijawahi kunywa kitu kirefu kama kile. Kila funda nilisikiliza tumbo, nikimtafuta yule mtoto wa mzee ndani yangu. Watu walisogea karibu, na kwa muda mdogo nadhani walikuwa wetu. Kisha fundi cherehani, mteja wa bibi wa miaka mingi, akasema bila ubaya, kama anayekumbusha deni dogo:

"Maman, wewe na huyu tunawajua. Kila soko anasifia vitenge yako. Leo ni zamu yako kumusifia, sivyo?"

Soko zima likacheka. Bibi akanipokea kikombe. Yeye ambaye hajawahi kukosa bei ya kujibu bei akaanza kukunja vitenge, mpaka nikashuka mezani mwenyewe.

Mama wa maziwa hakungoja vijana. Alipanda Bugeshi jioni ileile na vyombo vyake kwenye baiskeli, na alipopita mlangoni petu waliagana kwa macho. Hakurudi. Voiture nayo ikahamia mji mwingine, makopo yakaisha, na unga ule ukawa ghali kuliko ng'ombe. Ndipo majirani wakaanza kuja kwa bibi, sufuria mkononi, kuuliza mama wa maziwa atashuka lini.

Bibi hakuruhusu tena mtu asifu kitenge mezani pake. Mteja wa kweli akianza, alimkatiza: nunua ama acha. Aliuza kidogo mpaka alipofariki. Kivuguto cha siku hizi kinatoka kwenye pakiti, na mlango wa jirani ni kibanda cha kuchaji simu. Ukiuliza mtaani nani alimfukuza yule mama, utaambiwa hakuna. Nimewapitia mmoja mmoja, mara mbili, na ni kweli: simpati aliyemfukuza. Ninawapata walioogopa tu, na mimi nimo.