Siku Niliyomtoa Baba Mtoni

Mwanangu, sogea nikwambie habari ya mto. Nyinyi mmezoea daraja, mto hamuujui. Siku ile naikumbuka vizuri, ingawa magoti haya yananiambia ni zamani, miaka ya vita vikuu vya pili, nami kijana niliyekwisha kutahiriwa, kifua kipana, maneno mengi.

Ng'ombe wetu walikuwa wamekonda kwa kukosa chumvi. Baba akasema twende kwenye lile ziwa dogo la magadi, lililo shimoni karibu na mlima wa Homa. Tukabeba mgongoni nafaka ya wimbi ya kubadilishana na magadi, tukatoka kwetu juu ya Nyaramba, tukashuka milima siku kadhaa, tukilala kwa wenyeji. Usiniulize kama nilichoka. Ningembeba hata punda!

Sasa sikia desturi. Kwetu, mtu na baba yake hawaonani uchi, ni mwiko mkubwa. Kwa hiyo kila tulipofika mtoni, baba alivukia juu, nyuma ya vichaka, mimi chini, kila mmoja na nguo zake kichwani pamoja na mzigo. Tukikutana ng'ambo tumeshavaa, tunaendelea na mazungumzo pale tulipoyaachia.

Wakati wa kurudi, mifuko imejaa magadi, tukakuta mto mmoja umefurika. Mvua ilikuwa imenyesha huko milimani kwetu.

"Tata," nikamwambia, maana ndivyo tunavyomwita baba, "leo tushikane mikono tuvuke pamoja."

Akanitazama kana kwamba nimemtukana. "Mimi na wewe? Una wazimu?" Akaenda zake vichakani.

Nikavuka, maji kifuani. Nilikuwa nimeshavaa kaptula, najifunga shuka, niliposikia kishindo. Kutazama, kichwa cha baba kinakuja na maji, kinazama, kinaibuka, na mikono bado imeng'ang'ania mfuko wa magadi!

Nilisita kidogo, maana mwili wangu wote ulikuwa umefundishwa kugeuza uso. Halafu nikajiuliza: huyu akifa, heshima hii nitampa nani? Nikajitupa. Nikampokonya ule mfuko, ukaenda na maji, nikamkamata kwapani, nikamvuta mpaka kwenye majani. Pale alilala mzee mwembamba, anatetemeka, hana hata uzi mwilini. Nikamfunika shuka langu, nikampa mgongo. Nililia, mwanangu. Furaha na hofu zilinijia pamoja.

Njia nzima baba alitangulia mbele bila kugeuka. Kupanda milima ile na mzazi aliyenuna, afadhali magunia mawili ya wimbi! Nilijua kosa kama hilo huitiwa wazee na mkosaji hutoa mbuzi. Tena nilikuwa nataka kuoa, na bila baraka ya baba ningeoa vipi?

Tulipofika aliwaita wazee kweli. Lakini mbuzi alimtoa yeye, dume lake mwenyewe alilolipenda. Wazee wakashangaa, wakauliza kijana amekosa nini. Baba akasimama, akaninyooshea kidole.

"Huyu aliniona," akasema. "Ndiyo maana leo mnaniona."

Akaketi, akaomba nyama. Mwaka huohuo nikaoa, na yeye ndiye aliyenichagulia ng'ombe wa mahari.

Basi, mwanangu, heshima ishike. Punguza sauti mbele ya wakubwa, wapishe njiani, hayo sijasema uyaache. Lakini ukimwona mkubwa wako anazama, iwe ni majini, iwe ni kwenye pombe, iwe ni ugonjwa anaouficha kwa kuona haya, usigeuze uso ukasema ni adabu. Ingia umtoe. Mfunike. Ukishamfunika, ndipo umpe mgongo. Atakununia, na wewe mwache anune, maana anayenuna yu hai.

Mungu akupe mikono yenye nguvu na macho yasiyokimbia. Na siku utakayozama wewe, akujalie mtoto atakayekuona.