Siri ya Wanjugu Ilipotoka Darasani

Kajuju alitoka Meru kwenda Runyenjes kuwafundisha wahudumu wa watoto wadogo wenye ulemavu namna ya kumwandikia kila mtoto malengo yake. Alikuwa amechoka kusoma sentensi ileile kwa kila mtoto: "Aboreshe mawasiliano."

"Huyu ni mtoto gani?" aliwauliza. "Anaishi na nani? Mamake anatamani nini?"

Wakaanza kupekua mafaili. Ndipo akamwomba Wanjugu, muuza ndizi ambaye binti yake Njoki hakuwa ameanza kuongea, aje awaeleze. Wanjugu alisita. Kajuju akamwahidi kuwa maneno yake hayatatoka pale, na wahudumu wote wakaitikia.

Basi Wanjugu akasema. Siku za soko alikuwa akimfunga Njoki kwa leso kwenye mguu wa kitanda, maana hakuwa na wa kumwachia. Akirudi, alimkuta amelia hadi sauti imekauka.

"Nataka tu ajue kuniambia ana kiu."

Wawira, mmoja wa wahudumu hao na rafiki ambaye Kajuju alikaa nyumbani kwake siku zote za mafunzo, ndiye aliyeandika lengo zuri kuliko wote: Njoki atainua kikombe chake akitaka maji, kwa mama au kwa jirani. Jirani wa kumwangalia siku za soko akapatikana, leso ikafunguliwa. Haikuchukua muda mrefu, Njoki akainua kikombe.

Jumatatu moja Kajuju alikuta mlango wa Wanjugu umefungwa. Sauti yake ilitoka ndani.

"Jana kanisani wameniombea kwa jina. Mama anayefunga mtoto kama mbuzi. Si ulisema haitatoka?"

Kajuju alirudi kwa Wawira.

"Ni wewe?"

"Nilitoa tu ombi kanisani, dada. Ningenyamaza mtoto akiteseka?"

"Alikuwa hafungwi tena. Na ulijua."

Wawira akageukia sufuria. "Keti, chai itapoa."

Kajuju hakuketi. Alikusanya nguo zake, akaondoka. Alimshtaki Wawira kwa msimamizi wa wahudumu, naye akasema wao ni wachache; Wawira akaonywa na kubaki kazini.

Wanjugu alihamia kwa mama yake huko Siakago, akaenda na Njoki. Kajuju alimfuata huko kuomba msamaha. Wanjugu alimsalimu langoni kwa heshima, akauliza kama mvua imenyesha Meru, kisha akasema ana kazi. Kajuju alisikia Njoki akicheka nyuma ya nyumba, lakini hakukaribishwa ndani.