Msindikizaji wa Ipuli

Pale Ipuli, watoto wakimwona Apolinaria anakata kona na kikapu chake, hukimbilia ndani kutazama kama bibi yao bado anapumua. Wakubwa nao humwita bundi. Mwenyewe wala hajali. Bundi hulia juu ya paa akaenda zake. Apolinaria huingia ndani akakaa mpaka mwisho.

Kazi yake ni kusindikiza. Mgeni akiaga nyumbani kwako, si unatoka naye mpaka njiani? Sasa iweje anayeaga dunia aachwe peke yake? Humgeuza mgonjwa asitoke vidonda, humpaka mafuta visiginoni, humlowesha midomo kwa pamba, humpa dawa ya maumivu kwa saa zile zile alizosema nesi. Sindano hachomi, mizizi hachemshi. Na mgonjwa akimuuliza, "Nakufa?", hadanganyi.

Alidanganya mara moja tu, na aliyemdanganya ni mume wake. "Utapona, baba Recheli," alimwambia. Mume akageukia ukuta, na neno alilotaka kusema akaenda nalo. Miaka kumi na tisa sasa, Apolinaria bado analitafuta neno hilo.

Mwaka huu, kabla mvua hazijaanza, aliitwa kwa Mzee Modest, fundi seremala. Saratani ilishashika ini, na daktari alisema arudishwe nyumbani, hospitali imemaliza yake. Mwanawe Wilbroad hakutaka kusikia. Akakodi gari la kumpeleka baba yake Mwanza, Ijumaa alfajiri.

"Atakufia njiani," Apolinaria alimwambia uani, siku ya Jumatano. "Hamtafika hata Nzega."

"Mama, usimchurie baba."

"Umemuuliza mwenyewe anataka nini?"

"Hajui hali yake. Akijua atakata tamaa. Na ukimtajia kifo, utatoka humu ndani."

"Anajua kuliko wewe. Hujaona anavyonyamaza?"

Kweli, Mzee Modest alikuwa na siku nne hajasema kitu. Kila akifungua mdomo, nyumba nzima humrukia: utapona baba, Mungu mkubwa! Basi akaufunga. Jioni ile Apolinaria alimkuta ameanza kugeukia ukuta. La, huyu haendi na neno lake. Akifukuzwa yeye, nani atalitoa?

Akakumbuka kwamba yuko mtu mmoja asiyekatazwa neno mbele ya kitanda wala mbele ya kaburi, naye ni mtani. Akachukua simu akampigia Marko, Mgogo mfanyabiashara wa ng'ombe kule Igunga, aliyetaniana na Modest miaka arobaini.

Alhamisi mchana Marko akashuka kwenye basi. Akaingia chumbani, akaona mifupa ya rafiki yake chini ya shuka, akaangua kilio. Apolinaria akamvuta kwa mkono wa shati mpaka uani.

"Marko! Sikukuitia machozi mie. Machozi humu tunayo pipa zima."

"Dada, amekwisha..."

"Ndiyo, amekwisha. Kamwambie. Au nitafute Mgogo mwingine?"

Marko akajifuta uso kwa kofia, akakohoa, akarudi ndani kwa kishindo.

"We Mnyamwezi! Nasikia unakufa na huniagi. Babu zako walipita kwetu na pembe za ndovu mabegani, na hakuna aliyepita bila kulipa hongo ya njia. Hata maji walilipia. Leo wewe unataka kupita bure?"

Wilbroad akaruka kutoka kwenye kiti. Apolinaria akambana bega akamkalisha. Mtani hagombwi, hata Wilbroad alilijua hilo.

Kisha shuka likaanza kutikisika. Mzee alikuwa anacheka.

"Maji yenyewe," akasema, sauti kama msumeno mkavu, "yalikuwa na chumvi."

"Na mkayanywa!"

"Tungefanyaje? Hamkuwa na mengine." Akapumua kwanza. "Ndiyo, Marko. Nakufa." Kisha akamtafuta mwanawe kwa macho. "Wilbroad. Mwanza sitaki. Nipeleke Kwihara, kwenye nyumba niliyomjengea mama yako. Nifie kule, mnizike ubavuni pake."

"Baba, mbona hukusema?"

"Mlinipa nafasi?"

Wilbroad akalala kifuani kwa baba yake, akalia. Apolinaria akawaacha, akaenda jikoni kuchemsha uji.

Ijumaa alfajiri gari lilikuja kama lilivyokodiwa, ila njia ya Mwanza halikuishika. Apolinaria alikaa nyuma, kichwa cha mzee mapajani, akimfokea dereva kwa kila shimo mpaka Kwihara.

Kule Mzee Modest aliishi siku tano. Randa alimpa Wilbroad, misumeno akaigawa, akaeleza ni mbao zipi zitengeneze jeneza, na akamtukana Marko asubuhi na jioni.

Siku ya sita, jua limeshapanda, pumzi zikaanza kuachana mbali mbali.

"Nifanye nini, mama?" Wilbroad akauliza.

"Mshike mkono. Ongea naye. Masikio ndiyo mlango wa mwisho kufungwa."

Marko akaomba pamba. Akaichovya kwenye maji ya kisima cha pale pale, akailowesha midomo ya mtani wake polepole, kama alivyomwona Apolinaria akifanya.

"Pita, Mnyamwezi," akamwambia. "Leo hakuna hongo."